SOMO LA 14: KUCHAGUA NJIA YA KUUNGA MABOMBA YA MVUKE



Katika somo lililopita tulijifunza kuunga mabomba ya maji ya kunywa. Leo tutajifunza kuunga mabomba ya mvuke.

Huenda utauliza: "Sisi wa Ubaruku ni wakulima wa mpunga. Mabomba ya mvuke yanatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake ni hili. Ukishika barabara kuu ya kwenda Iringa, ukaipita Makambako, utafika Mafinga, makao makuu ya Wilaya ya Mufindi. Huko kuna mashamba makubwa ya chai na viwanda vya chai. Huko huko Mufindi, mahali paitwapo Mgololo, kilijengwa kiwanda cha karatasi katika miaka ya 1980. Viwanda vya namna hiyo hutumia mvuke. Wapo vijana wetu waendao kutafuta kazi katika viwanda. Wapo pia mafundi wetu wa bomba wanaoitwa kusaidia kazi wasiyoizoea. Mtu anayejua mabomba ya maji tu, akiguswa na kazi ya mvuke, anaweza kuumia au kufa.

Soma somo hili polepole. Likiwa gumu, lisome mara ya pili pamoja na mwenzako.

MANENO YA KUJIFUNZA

Boila: chombo kikubwa cha chuma kinachochemsha maji hadi yawe mvuke.
Presha: nguvu ya mvuke au maji inayosukuma kuta za chombo.
Kiungo: mahali ambapo bomba moja linaunganishwa na jingine.
Flanji: sahani ya chuma yenye matundu ya bolti, iliyo mwishoni mwa bomba.
Gasketi: kipande bapa kinachowekwa katikati ya flanji mbili ili pasivuje.
Valvu: koki ya kufungulia na kufungia.

MVUKE UNA NGUVU GANI?

Mama anapopika wali, mfuniko wa sufuria hucheza. Nani anauchezesha? Ni mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke, mvuke huo hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Sufuria haina nafasi hiyo, kwa hiyo mvuke huinua mfuniko na kutoka.

Sasa fikiri sufuria ambayo mfuniko wake umefungwa kwa bolti. Mvuke hauna pa kutokea, na moto unaendelea kuwaka. Presha hupanda, na joto nalo hupanda. Hivyo ndivyo boila inavyofanya kazi.

Jikoni kwetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa sababu tunakaa juu kuliko watu wa pwani. Lakini ndani ya boila yenye presha ya kilo 7 kwa kila sentimita moja ya mraba, mvuke huwa na joto la nyuzi 170 hivi.

Tupige hesabu kidogo. Chukua bomba lenye upana wa sentimita 10 ndani. Mdomo wake una eneo la sentimita za mraba 78 na nusu. Kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu ya kilo 7. Zidisha 78.5 kwa 7. Utapata karibu kilo 550. Ukiziba mdomo wa bomba hilo kwa kizibo, kizibo kitasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa magunia matano na nusu ya mpunga, kila gunia likiwa na kilo 100. Je, utakizuia kwa kipande cha mpira na waya?

KWA NINI KIWANDA CHA CHAI KINATAKA MVUKE?

Majani ya chai yakichumwa huwa na maji mengi. Kwanza hunyaushwa. Kisha husagwa au kusokotwa, huachwa yabadilike rangi na harufu, halafu hukaushwa. Kunyausha na kukausha kunahitaji hewa ya moto. Moto wa kuni una moshi, na moshi ungeharibu chai. Kwa hiyo kuni huchomwa chini ya boila. Mvuke hupita katika mabomba hadi kwenye mashine. Pale feni hupuliza hewa juu ya mabomba ya moto, na hewa hiyo safi ndiyo inayokausha majani.

Mvuke ukiisha kutoa joto lake hugeuka kuwa maji tena. Maji hayo hurudishwa kwenye boila. Basi, kati ya boila na mashine kuna mabomba mengi, na kila bomba lina viungo. Boila hutunzwa na watu wengi. Kiungo kidogo gizani nyuma ya ukuta hakitazamwi na mtu. Mara nyingi hapo ndipo hatari inapoanzia.

NJIA ZA KUUNGA MABOMBA

Ziko njia nyingi. Tuzitazame moja moja.

1. Gundi na mabomba ya plastiki
Mabomba ya plastiki ni mazuri kwa maji baridi. Ni mepesi na hayashiki kutu. Lakini bomba la kawaida la plastiki halifai kwa maji yenye joto la kupita nyuzi 60. Likifika karibu nyuzi 80 hulainika. Mvuke una nyuzi 100 na zaidi. Kwa hiyo plastiki isitumike kwa mvuke kamwe, hata kwa kipande kifupi, hata kwa siku moja.

2. Mpira na waya
Bomba la maji likivuja shambani, tunakata mpira wa ndani wa baiskeli, tunazungusha, tunakaza kwa waya. Kwa maji baridi yenye nguvu ndogo mpira huo hushika kwa muda. Kwa mvuke, mpira huo hulainika, huchanika na kuruka. Usifanye hivyo.

3. Kulehemu mabomba ya shaba
Bomba la shaba huunganishwa kwa kuyeyusha madini laini ya kulehemu. Madini hayo huyeyuka kati ya nyuzi 180 na 240. Linganisha na mvuke wa nyuzi 170. Tofauti ni ndogo mno. Tena madini hayo hupoteza nguvu kabla hayajayeyuka. Zaidi ya hapo, shaba hurefuka kwa joto kuliko chuma, na hivyo huvuta viungo. Kwa bomba kubwa linalotoka kwenye boila, njia hii haifai.

4. Kukata nyuzi na kukaza
Hii ndiyo njia tuliyoizoea kwa mabomba ya chuma. Fundi hukata nyuzi mwishoni mwa bomba, kama nyuzi za skrubu. Kisha hukaza kwa spana kwenye soketi, elbo au tii. Kabla ya kukaza huzungusha katani yenye dawa ya kuziba, au tepu nyeupe inayostahimili joto. Njia hii inafaa kwa mvuke kama bomba ni jembamba, yaani inchi 2 kushuka chini, na presha si kubwa. Faida yake ni kwamba haihitaji umeme wala moto. Ukiweka yunioni mahali panapofaa, unaweza kufungua bila kukata bomba.

Lakini ina kasoro moja. Kukata nyuzi ni kupunguza unene wa chuma. Kwa hiyo lazima bomba liwe nene tangu mwanzo. Bomba jembamba la uzio au la kitanda lisitumike. Viungo navyo viwe vya chuma kinachokubaliwa kwa mvuke, visiwe vya mabomba ya maji baridi.

5. Flanji na bolti
Hapa kila bomba lina sahani mwishoni. Sahani mbili hukutanishwa, gasketi ikiwa katikati, kisha hukazwa kwa bolti. Njia hii hutumika mahali panapohitaji kufunguliwa mara kwa mara: penye valvu, penye pampu, na penye boila yenyewe. Bolti zikazwe kwa kuvukana. Kaza kidogo ya juu, halafu ya chini. Kaza ya kulia, halafu ya kushoto. Zunguka tena mara ya pili na ya tatu. Ukikaza upande mmoja kabisa kwanza, gasketi itabanwa upande huo na kuvuja upande wa pili.

Zamani gasketi nyingi za mvuke zilitengenezwa kwa asbesto. Sasa inajulikana kwamba vumbi la asbesto huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Ukikuta gasketi ya zamani, usiikwangue kikavu wala usiipulize. Mwite msimamizi.

6. Kuchomelea
Mabomba mawili huunganishwa kwa moto wa umeme au wa gesi mpaka yawe kitu kimoja. Kiungo kilichochomelewa vizuri hakina gasketi ya kuchakaa wala nyuzi za kulegea. Kwa mabomba makubwa na presha kubwa, hii ndiyo njia bora. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, huwezi kukifungua bila kukata. Pili, kazi mbaya haionekani kwa nje. Fundi anayechomelea milango na madirisha asidhani kwamba anaweza kuchomelea bomba la mvuke. Ni lazima awe amefundishwa na kupimwa kwa kazi hiyo.

Angalia pia aina ya bomba. Bomba la maji lenye rangi ya fedha limepakwa zinki. Ukilichomelea, zinki hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta moshi huo, jioni unaweza kupata homa, baridi na maumivu ya kifua. Kwa mvuke tumia bomba jeusi lisilopakwa zinki.

JINSI YA KUCHAGUA

Fundi mwenye akili haanzi kwa kuuliza, "Nina vifaa gani?" Huanza kwa maswali manne:

Je, presha ni kiasi gani, na joto ni kiasi gani?
Je, bomba lina upana gani?
Je, mahali hapa patahitaji kufunguliwa baadaye?
Je, nani ataifanya kazi hii, na amefundishwa?

Ukipata majibu, uchaguzi huwa rahisi. Bomba kubwa refu lisilohitaji kufunguliwa: lichomelewe. Penye valvu na mashine: tumia flanji. Bomba jembamba la presha ndogo: kata nyuzi, uweke na yunioni. Plastiki, mpira na kulehemu kwa madini laini: viache kwa kazi nyingine. Na kama hakuna fundi aliyefundishwa, kazi isubiri. Siku mbili za kusubiri si kitu mbele ya uhai wa mtu.

BOMBA HUREFUKA

Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la chuma la mita moja, likiongezewa joto la nyuzi 100, hurefuka kwa milimita 1.2 hivi. Utasema ni kitu kidogo. Tupige hesabu. Bomba lina mita 20. Asubuhi lina nyuzi 20. Mvuke ukiingia linafika nyuzi 170. Joto limeongezeka nyuzi 150.

20 × 1.2 × 1.5 = milimita 36.

Hizo ni sentimita tatu na nusu na zaidi. Kama bomba limebanwa ukutani pande zote mbili, zitakwenda wapi? Zitasukuma viungo mpaka kimoja kipasuke. Ndiyo maana mabomba ya mvuke huwekwa kona kubwa yenye umbo la U, ili bomba lipate mahali pa kujikunja. Vishikizo vyake navyo huliacha liteleze. Ukiona kona hiyo usiseme fundi alipoteza bomba bure.

MAJI NDANI YA BOMBA LA MVUKE

Mvuke ukigusa bomba baridi hugeuka maji. Maji yakikusanyika mahali palipobonyea, mvuke huyasukuma kwa kasi kubwa. Yakifika kwenye kona hugonga kama nyundo. Utasikia kishindo: pa! pa! Kishindo hicho kinaweza kuvunja elbo au kupasua valvu.

Kinga yake ni hii. Bomba liinamishwe kidogo kuelekea mvuke unakokwenda. Mahali pa chini pawekwe mtego wa kutoa maji. Na asubuhi valvu ifunguliwe polepole sana, bomba lipate joto kwanza. Anayefungua valvu ya mvuke kwa haraka hajui anachokifanya.

KUJARIBU KIUNGO

Kazi mpya ijaribiwe kwa maji baridi, kwa presha iliyo mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwa nini maji, si hewa? Maji hayabanwi kwa urahisi. Kiungo kikipasuka, maji hutoka na nguvu huisha papo hapo. Lakini hewa ikibanwa huwa kama upinde uliovutwa. Kiungo kikipasuka, hurusha vipande vya chuma.

USIKAZE BOMBA LENYE PRESHA

Sasa nitakueleza habari ya nyumbani kwetu.

Nilipokuwa darasa la nne, baba mdogo wangu alipata kibarua katika kiwanda kimoja. Alikuwa mtu wa bidii. Usiku mmoja aliona yunioni inavuja mvuke kidogo. Hakutaka kumwamsha msimamizi kwa jambo dogo. Alichukua spana akakaza. Nyuzi za yunioni ile zilikuwa zimeliwa na kutu. Ilipozunguka mara moja tu, iliachia. Mvuke ulimpiga mkono wa kulia na kifua.

Hakufa. Lakini vidole vyake havikunjiki hadi leo, na jembe hawezi kulishika. Karibu na bomba lile palikuwa na kibao kilichoandikwa: USIKAZE BOMBA LIKIWA NA MVUKE. ITA MSIMAMIZI. Baba mdogo alikipita kibao hicho kila siku kwa miezi saba. Hakujua kusoma.

Mwaka wa kwanza nilipofungua darasa, yeye alikuwa mtu wa pili kujiandikisha. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilipomwomba ruhusa ya kueleza habari yake alisema, "Waeleze, mwanangu. Lakini waeleze na maneno ya kibao." Ndiyo hayo umeyasoma hapo juu. Yasome tena.

Kanuni ni hii: kiungo kikivuja, funga valvu, acha bomba lipoe, hakikisha presha imefika sifuri, ndipo ukaze. Wala usitafute mahali panapovuja kwa mkono. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Wingu jeupe unaloliona ni mvuke uliokwisha kuanza kuwa maji. Karibu na tundu, mahali usipoona kitu, ndipo penye moto mkali. Tumia kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ndefu.

MAMBO MENGINE MATATU YA KUKUMBUKA

Kwanza, boila ina valvu ya usalama inayotoa mvuke presha ikizidi. Isifungwe kwa waya, isiwekewe uzito, wala isiwekewe koki kati yake na boila.

Pili, usitengeneze boila kwa pipa la mafuta. Pipa halikutengenezwa kwa presha. Limewaua watu katika nchi nyingi. Hapa Tanzania vyombo vya mvuke vinapaswa kukaguliwa. Kazi ya kusimamia usalama viwandani ni ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na sheria yake ni ya mwaka 2003. Kijana anayetaka ufundi huu aende katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Vipo Mbeya na Iringa pia.

Tatu, mtu akiungua kwa mvuke, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete na saa kabla hajavimba. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali.

MUHTASARI

Mvuke una joto na nguvu kuliko maji. Kiungo kifaacho kwa maji huenda kisifae kwa mvuke. Chagua kwa kutazama presha, joto, upana wa bomba na haja ya kufungua. Acha nafasi bomba lirefuke. Toa maji ndani ya bomba. Jaribu kwa maji baridi. Usikaze bomba lenye presha.

MASWALI

1. Kwa nini bomba la plastiki halifai kwa mvuke?
2. Taja mahali pawili panapofaa kuwekwa flanji.
3. Bomba la chuma lina mita 30. Joto lake linapanda kutoka nyuzi 20 hadi 170. Litarefuka milimita ngapi?
4. Presha ya kazi ni kilo 7. Jaribio lifanywe kwa kilo ngapi?
5. Ukiona kiungo cha mvuke kinavuja, utafanya nini kwanza?

MAJADILIANO

Katika kikundi chenu, zungumzeni: je, katika mashine za kukoboa mpunga za hapa kwetu kuna vibao vya hatari? Vimeandikwa nini? Nani kati ya wafanyakazi hawezi kuvisoma, na tutamsaidiaje?

KAZI YA KUANDIKA

Chukua ubao au karatasi ngumu. Andika kwa herufi kubwa onyo moja linalofaa mahali unapofanya kazi. Liandike kwa maneno machache. Lilete darasani tulisome pamoja, kisha ulirudishe na kulitundika.

Majibu ya hesabu: Swali la 3, milimita 54. Swali la 4, kilo 10 na nusu.